Vigae vya Jikoni Juu ya Sakafu ya Mbao

Nyumba nyingi za familia nchini Marekani na Kanada husimama juu ya mifupa ya mbao, na ujenzi huo, ulioshika kasi Chicago tangu miaka ya 1830 pale misumari ya kiwandani na mbao zilizopasuliwa kwa mashine zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu, ndio unaoeleza kwa nini kuweka vigae jikoni huko hakufanani na kazi hiyo hiyo inavyofanywa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Katika miji hii fundi huweka vigae juu ya zege lililosawazishwa, ambalo likishakauka halisogei kwa kiasi cha kumsumbua mtu, ilhali Minneapolis au Toronto hukuta chini ya miguu yake plaiwudi iliyopigiliwa juu ya boriti, na chini ya boriti hizo uwazi wa chumba cha chini ya ardhi. Sakafu ya namna hiyo husogea, na karibu kila hatua ya maandalizi yake ina lengo la kupunguza msogeo huo au kuuzuia usikifikie kigae.

Msogeo wa kwanza ni kunepa. Kigae cha kauri huvumilia kugandamizwa kuliko mbao yoyote, lakini hakivumilii kupindwa, na kwa hiyo kinachokipasua mara nyingi si uzito wa friji bali ni sakafu inayoshuka kidogo katikati kila inapokanyagwa. Kipimo kinachofuatwa Amerika Kaskazini ni kwamba boriti isinepe kupita sehemu moja ya 360 ya urefu wake kati ya egemeo na egemeo: boriti yenye urefu wa mita 3.6 inaruhusiwa kushuka milimita 10 tu chini ya mzigo uliokadiriwa. Kwa mawe ya asili kama marumaru, ambayo ni dhaifu zaidi yakipindwa, hutakiwa sehemu moja ya 720, yaani milimita 5 kwa boriti hiyo hiyo, na ndiyo maana sakafu iliyobeba vigae vya kauri kwa miaka mingi bila shida yaweza kupasua marumaru katika kipindi kifupi.

Ugumu wa boriti hutegemea zaidi kimo chake kuliko unene wake, kwa kuwa hukua kwa mchemraba wa kimo hicho. Boriti inayouzwa kwa jina la inchi 2 kwa 10, ambayo kimo chake halisi ni inchi 9.25, ina ugumu unaozidi kidogo mara mbili ya ile ya inchi 2 kwa 8, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo. Mwenye nyumba anayeweza kushuka chini na kuziona boriti zake kwa hiyo hana sababu ya kubahatisha: apime kimo, apime urefu kati ya maegemeo, apime na nafasi kati ya boriti na boriti, ambayo kwa kawaida ni inchi 16, takriban sentimita 40, kutoka kitovu hadi kitovu. Vipimo vikionyesha udhaifu, dawa iko chini, ama kwa kufunga boriti nyingine ubavuni mwa ile ya zamani, ama kwa kusimamisha nguzo na mhimili katikati, wala hakuna gundi ya vigae, hata iwe ya bei gani, inayoweza kufidia boriti iliyo dhaifu.

Msogeo wa pili hutokana na unyevu. Mbao hutanuka na kusinyaa kukata nyuzi zake, na kwa urefu wa nyuzi hubadilika kidogo mno, kwa hiyo katika nchi ambako hewa ya ndani hukaushwa na joto la kupasha nyumba wakati wa baridi na kujaa unyevu kiangazi, kila ubao wa sakafu ya zamani husogea kivyake. Plaiwudi ilileta nafuu kwa sababu matabaka yake hupishanishwa, nyuzi za moja zikikata za jingine, nayo ikashika nafasi ya mbao za kupanga katika nyumba zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wajenzi wa zamani walikabili tatizo hilo kwa kutandika karatasi ya lami na wavu wa chuma, kisha kumwaga juu yake chokaa cha saruji chenye unene wa zaidi ya sentimita 3, kilichokaa kama bamba lake lenyewe bila kushikamana na mbao. Mantiki hiyo haiko mbali na ya nyumba za mawe za Unguja na Lamu, ambamo boriti za mikoko hubeba tabaka zito la mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba hufanywa vyembamba kwa sababu boriti hizo ni fupi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa kilichopo, na hapa pana hatari isiyopaswa kuchukuliwa kwa wepesi. Vigae vya plastiki vya mraba wa inchi 9, pamoja na gundi nyeusi iliyovishikilia, katika nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzi ambazo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Visikwanguliwe wala kupigwa msasa kabla sampuli haijapimwa maabara. Plaiwudi ikishakuwa wazi, ichunguzwe hasa mbele ya sinki na mashine ya kuoshea vyombo, mahali ambapo maji yaliyovuja kidogo kidogo huvimbisha kingo za mbao na kulainisha moyo wake: bisibisi ikichomwa hapo na kuzama bila nguvu, kipande hicho kimekwisha na kinakatwa hadi juu ya boriti. Kisha mtu atembee taratibu akikanyaga kwa kisigino, aweke alama ya chaki kila sakafu inapolia, na kukaza hapo skrubu zinazoingia kwenye boriti, kwa sababu mlio huo ni wa mbao inayopanda na kushuka kwenye msumari uliolegea.

Juu ya sakafu hiyo iliyotulia huwekwa tabaka la kutenganisha, ambalo laweza kuwa bodi ya saruji au utando wa plastiki wenye vijishimo, uliobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1980 ili kigae na mbao visogee kila kimoja kwa kiasi chake. Wengi hudhani kwamba bodi ya saruji huimarisha sakafu. Haiimarishi kwa kiasi cha kutegemewa, bali huipa gundi uso usiovimba kwa unyevu. Chini yake hupakwa gundi ya saruji kwa mwiko wa meno ili isibaki na mapengo, viungo vya bodi hupishanishwa na vya plaiwudi, na kati ya bodi na bodi huachwa milimita 3 zinazojazwa gundi na kufunikwa kwa mkanda wa nyuzi za kioo. Ukutani huachwa milimita 6 zisizojazwa saruji kamwe, kwa kuwa sakafu inayotanuka ikikosa pa kwenda huinuka katikati na kubandua vigae.

Jambo moja husahaulika hata na mafundi wazoefu. Matabaka yote haya huinua sakafu kwa sentimita 2 au zaidi, na ikiinuliwa mbele ya kabati pekee, mashine ya kuoshea vyombo hubaki imefungiwa chini ya meza ya jikoni, isiweze kutolewa siku itakapoharibika.

Mwenye nyumba anayeajiri fundi kwa hiyo na amuulize, kabla ya kuzungumzia rangi ya vigae, boriti zina kimo gani, zimepishana kwa nafasi gani na egemeo liko wapi. Fundi asiyetaka kushuka chini kuzitazama asipewe kazi hiyo.