KIJANA AMEPATA KAZI: ATAISHI WAPI?



Mwezi huu tunazungumza juu ya neno linaloleta kelele ndani ya nyumba nyingi za Mantapala. Watoto waliopokelewa Kenani mwaka 2017 wakiwa wadogo, leo ni vijana. Wengine wamemaliza gredi 12, wengine wamesomea ualimu, uuguzi ao ufundi. Kazi ikipatikana, swali la pili linakuja palepale: atalala wapi? Baba anasema abaki nyumbani. Mama anaogopa mji. Yaya mwenyewe anataka chumba chake. Kila mmoja ana sababu, basi tuzipime.

KARATASI KWANZA

Zambia iliingia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1969, lakini ilijiwekea haki ya kupanga wakimbizi wakae wapi. Ndiyo maana kutoka kambini kwa siku chache kunahitaji ruhusa, na kuishi nje kunahitaji kibali kingine. Kazi ya kuajiriwa nayo ina kibali chake. Vijana wanachanganya mambo haya. Ruhusa ya kutembea siyo kibali cha kazi, na barua ya bosi siyo kibali cha kukaa mjini. Nenda kwanza kwenye ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi ukiwa na barua ya mwajiri mkononi. Uliza kila karatasi inachukua muda gani na inalipiwa nini. Usilipe nyumba ya mtu kabla ya kupata jibu.

KUBAKI, BOMA, AO MBALI?

Kubaki kwa wazazi kuna faida: hakuna kodi, shamba liko karibu, na mgonjwa akipatikana usiku kuna mtu wa kusaidia. Ubaya wake ni njia. Kiangazi unaweza kupiga baiskeli, lakini masika yakianza Novemba, matope hayajui kama wewe ni mwalimu.

Nchelenge boma na Kashikishi kuna soko, hospitali na watu wa kila namna. Lakini mji ule unakula samaki na unalipwa na samaki. Kila mwaka uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Biashara inapoa. Kama mshahara wako unatoka kwenye duka ao kwenye chisense, uliza mapema utalipwaje miezi ile mitatu.

Mansa ao Lusaka kunaweza kuwa na mshahara mkubwa zaidi, na kodi kubwa pia. Kule huna shangazi wa kukukopesha unga. Tena kuna wanaowaza Pweto, ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa familia zilianza kurudi kwa hiari Desemba 2021. Kurudi ni haki yako, lakini siyo safari ya kujaribu kazi mwezi mmoja. Inagusa hali yako ya ukimbizi. Uliza UNHCR kabla ya kuvuka.

TUPIGE HESABU

Tuseme kijana analipwa kwacha 3,000. Akikaa boma: chumba 700, maji na umeme 200, chakula 1,000, nauli ya kuja nyumbani 200. Jumla 2,100, anabaki na 900. Akikaa kwa wazazi: nauli 60 kila siku kwa siku 22 ni 1,320, mchango wa chakula 600. Jumla 1,920, anabaki na 1,080. Tofauti ni kwacha 180 tu! Sasa ajiulize: saa za njiani kila siku zina bei gani? Huu ni mfano. Chukua kalamu, andika bei za kweli za kwako.

MKONO WA YAYA

Yaya wa kwanza akipata kazi, wadogo wote wanaangalia mkono wake. Ni desturi nzuri, lakini isipopangwa inaleta chuki. Wazazi, kubalianeni naye kiasi kimoja kwa mwezi, kwa mfano daftari na sare za mdogo mmoja, kisha mumwachie zinazobaki. Mshahara wa kwanza mara nyingi unachelewa, kwa hiyo asihame bila akiba ya mwezi mzima.

Kwa binti, msikatae mji kwa woga tu. Nendeni naye mkaone nyumba: mlango una kufuli? Choo kiko wapi? Njia ya jioni inapita wapi? Majirani ni nani? Mvua ikinyesha, paa linavuja? Chumba cha bei rahisi kisicho na usalama ni ghali.

Na wewe kijana, usihame usiku bila kuaga. Ukipata kibali, pitia pia ofisini uulize kuondoka kwako kunabadilisha nini kwenye karatasi ya familia, wadogo wasije wakakwama siku ya msaada kwa sababu yako.

Ketini pamoja jioni moja, mzungumze polepole. Haraka haraka haina baraka.