Udongo wa Madibira unavyoshika maji na kuyapitisha

Udongo usiojaa maji ni ule ambao vitundu vyake vina maji na hewa kwa pamoja. Majaruba ya mpunga ya Madibira, wilayani Mbarali, huwa hivyo tangu maji yanapoondolewa ili kuvuna hadi yanapofurika tena msimu unaofuata.

Maji yaliyomo kwenye vitundu hujibandika kwenye chembe za udongo na kushikamana yenyewe kwa yenyewe. Kitundu kikiwa chembamba, mshiko huwa mkali zaidi. Ndiyo maana matundu makubwa hukauka kwanza. Mshiko hupimwa kwa kilopaskali. Ukikaribia 1,500, mimea mingi hunyauka moja kwa moja, ingawa maji bado yamo. Udongo wa mfinyanzi hubaki na maji mengi yasiyonyonyeka. Kichanga hushika machache, lakini karibu yote hufaa mizizi. Unyevu unaohisiwa kwa mkono, basi, ni ushahidi dhaifu sana wa maji yanayoifaa mimea.

Mwaka 1907 mwanafizikia Edgar Buckingham wa Marekani alieleza kwamba katika udongo wa namna hii maji hutoka yanakoshikwa kwa ulegevu kwenda yanakoshikwa kwa nguvu, hata kama ni kupanda juu. Mwendo wenyewe hupungua vibaya udongo unapokauka, mara maelfu na zaidi, kwa kuwa njia pana zimejaa hewa na maji hujipenyeza kwenye utando mwembamba tu. Kichanga kilicholowa hupitisha maji haraka kuliko mfinyanzi. Vyote viwili vikikauka, mfinyanzi ndio hupitisha zaidi. Lorenzo Richards aliyaweka haya katika mlinganyo mmoja mwaka 1931, nao unatumika hadi leo.

Mfinyanzi mweusi wa bonde la Usangu, iliko Madibira, una tabia ya ziada: ukikauka hupasuka. Maji ya kwanza hutumbukia kwenye nyufa na kuyaacha mabonge makavu, mpaka udongo uvimbe na kuziba. Kuvuruga tope kabla ya kupandikiza huvunja matundu makubwa na kupunguza upotevu huo. Jambo hili ni zito, kwani mto Ndembera unaolisha Madibira huelekea ardhioevu ya Ihefu na mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Ili kupima mshiko wa maji shambani, wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, Iringa, walipewa vihisi vya Chameleon kupitia mradi ulioanza 2013. Taa ya bluu huonyesha udongo uliolowa, kijani unyevu wa wastani, nyekundu mshiko unaozidi takriban kilopaskali 50. Kifaa hakihesabu kiasi cha maji. Hupima mshiko, hivyo rangi zilezile hufaa kichanga na mfinyanzi.