Kidonge cha shimoni na nguvu za mwanaume

Ndugu wachimbaji wa Misisi, Lubichako na Baraka, na nyinyi mama wa nyumbani, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wanalisema chini chini: tramadol. Kijana anaimeza asubuhi ili mgongo usimuume shimoni. Jioni anaimeza tena, maana amesikia inampa mwanaume nguvu kwa bibi yake. Je, ni kweli?

Mwilini mwetu kuna kitu kinaitwa serotonini. Watafiti wa Cleveland, Marekani, walikipa jina hilo mwaka 1948, baada ya kukitoa katika damu. Wengi wanadhani ni ya kichwa tu, kumbe karibu 90 kwa mia yake iko kwenye utumbo. Iko hata ndani ya makende, ya wanyama na ya mtu. Mle kuna seli zinazotengeneza homoni ya kiume, testosteroni. Kwa wanyama wadogo waliochunguzwa, serotonini inazipunguza mwendo, sawa na mtu anayeshika kamba ili ndoo isishuke mbio. Na kwenye ubongo inachelewesha mbegu kutoka.

Tramadol ni dawa ya maumivu, ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Inazuia serotonini isirudi haraka ilikotoka, basi inabaki nyingi na mwanaume anachelewa kumaliza. Anasema: nimepata nguvu. Hapana, ndugu. Kuchelewa si nguvu. Dawa hii ni ya ukoo wa morfini, na dawa za ukoo huo zikimezwa siku nyingi zinashusha testosteroni. Hamu inapungua, mwili unalegea, mbegu nazo zinaweza kupungua. Hapo ndipo anaongeza kidonge cha pili, cha tatu.

Matokeo yanaingia nyumbani. Mtoto hapatikani, na familia inamsema mama. Lakini kwa ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu yake sababu iko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na bibi yake. Mama asifukuzwe kama baba hajapimwa.

Na kule chini? Kizunguzungu, usingizi, hata degedege. Ukichanganya na kanyanga, pumzi inaweza kukatika. Mwenzako aliyeshika kamba yako akiwa hivyo, utapanda namna gani?

Anayemeza kila siku asiache ghafla, mwili utamsumbua. Aende kwa muganga, apunguze pole pole. Mbegu mpya zinachukua karibu miezi 2 na nusu kukomaa, kwa hiyo asikate tamaa baada ya wiki moja.

Lakini tuseme ukweli wote: kidonge kinaingia shimoni kwa sababu mgongo unauma, na mgongo unauma kwa sababu ya zamu ndefu na magunia mazito. PDG wa shimo anayetaka watu wazima apunguze zamu, aweke mapumziko. Hilo tulidai pamoja.