Kovu lisilokoma: keloidi ya sikio na neno la kuitaja

Katika Kiswahili, kidonda hutangulia na kovu hufuata. Tukisema "limebaki kovu", tunamaanisha kwamba mwili umemaliza kazi yake. Je, neno hilo linatosha kutaja uvimbe mgumu unaoota kwenye ndewe baada ya sikio kutogwa? Hapa Kolwezi mgonjwa husikia *chéloïde* kwa daktari na kovu nyumbani. Akiamini kwamba ni kovu tu, atadhani kulikata ni kulimaliza.

Neno la Kifaransa lilitungwa na tabibu wa ngozi Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Aliona jinsi uvimbe unavyonyoosha vidole vyake kwenye ngozi nzima. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza: kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na mara nyingi hupungua, keloidi huvuka mipaka hiyo, na ni nadra kunywea yenyewe.

Hadubini huonyesha tofauti ya pili. Nguvu ya ngozi hutokana na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazotengenezwa na seli ziitwazo fibroblasti. Katika kovu nene la kawaida, nyuzi hizo ni nyembamba na nyingi hulala sambamba na uso wa ngozi. Katika keloidi, mara nyingi huwa mafungu manene, yanayong'aa kama kioo, yaliyotupwa huku na huku. Fibroblasti zimepokea amri ya kujenga, lakini ile ya kuacha haikufika.

Hapo tunaelewa kwa nini keloidi hurudi. Kisu huondoa uvimbe, lakini huacha jeraha jipya katika ngozi ileile yenye mwelekeo uleule. Ikikatwa bila tiba nyingine, viwango vya kurudi vinavyotajwa mara kwa mara ni kati ya asilimia 45 na 100. Kwa hiyo madaktari huambatanisha upasuaji na sindano za steroidi, hereni za kubana ndewe, silikoni au mionzi, kisha humfuatilia mgonjwa kwa miezi mingi. Ikirudi, huweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi, na mara nyingi hali hii hufuata ukoo. Basi kabla ya kumtoga mtoto masikio, inafaa kuuliza: nani katika familia ana makovu yanayokua?

Kuhusu jina, napendekeza tuseme "keloidi", na tuifafanue kuwa "kovu lisilokoma". Kivumishi hicho kimoja kinamweleza mgonjwa jambo ambalo neno "kovu" peke yake linamficha: kukata si mwisho wa tiba.