Haki Husikika kwa Lugha Gani?

Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inawapa wakaaji wa vijiji vya migodi nguvu mpya. Kampuni inatakiwa kusaini nao daftari la majukumu, tena kutenga angalau 0.3% ya *chiffre d'affaires* yake kwa miradi ya maendeleo yao.

Sisi wanafunzi wa lugha tusimame kwenye neno hilo la Kifaransa. Mkalimani akisema "faida", wakaaji wataelewa kwamba mwaka wa hasara hawana cha kudai. Lakini sheria inasema juu ya mauzo yote, kabla ya kutoa gharama. Neno moja baya linaweza kuwanyima shule au kisima, na hakuna atakayejua kwamba wameibiwa.

Ndiyo sababu naona tafsiri ni sehemu ya haki yenyewe, si msaada wa hisani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 142, inaiagiza serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu itangazwe na Rais. Kiswahili ni mojawapo.

Mama anayelima kando ya mgodi huko Lualaba akisaini asichokielewa, hakukubali. Ameandika jina tu. Kabla ya kumwuliza maoni yake, tumpe kwanza maneno. Na kazi ya kuyatafuta maneno hayo, wenzangu, ni yetu.