Springi ya nyuma ikikatika, isichomelewe

Ukipita Buyenzi, mtaa wa mafundi na Waswahili hapa Bujumbura, utaziona Hiace kuukuu zimeinama nyuma upande mmoja. Mara nyingi ni bamba la springi limekatika.

Mimi ni mwalimu, nilisomea ukimbizini Kigoma, na wanafunzi wangu hupanda magari kama hayo. Ndiyo maana nasisitiza: bamba lisichomelewe. Moto huharibu unyumbufu wa chuma, nalo hukatika tena, pengine kwenye mteremko likiwa na abiria.

Libadilishwe, na springi ya upande wa pili ikaguliwe pamoja na bushi. Boliti za bushi zikazwe kabisa magurudumu yakiwa chini, gari limebeba uzito wake.

Rahisi ni ghali, ndugu zangu madereva.