Sakafu Haipakwi, Inanyweshwa

Kibaraza changu cha Chamazi nilikipaka rangi nyekundu ya mafuta mwezi Desemba. Masika hayajaisha, rangi ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Niliokota kipande nikakigeuza: upande wa chini ulinata na kuteleza kama sabuni iliyosahaulika bafuni. Na kweli ilikuwa sabuni. Saruji inaposhikana na maji huachia chokaa. Unyevu ukiipandisha chokaa hiyo ikakutana na mafuta ya rangi, hutokea kilekile wanachofanya wapika sabuni kwa kostiki soda. Kazi yangu ni ujenzi, na bado nilifanya kosa hilo. Haraka za Krismasi!

Rangi ya sakafu ikae ndani ya saruji, si juu yake. Waliokulia kwenye nyumba za zamani za Magomeni au Temeke wanaijua sakafu nyekundu ya niru, iliyosuguliwa kwa tambara hadi ukajiona. Saruji tunayo hapa hapa, kiwanda cha Wazo kinaitengeneza tangu 1966, na oksaidi, ule unga wa kuipa rangi, hupimwa kwa kilo. Oksaidi nyekundu ni kutu tu iliyosagwa. Kutu haioti kutu mara ya pili, kwa hiyo haiogopi chokaa wala jua.

Fundi akikuambia anakadiria kwa macho, mletee mizani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoshwa na kilo 2.5 za oksaidi. Ukivuka kilo 5 rangi haizidi, unadhoofisha saruji bure. Vichanganywe vikavu kwanza, vya kutosha chumba kizima, maana mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza. Uji wake, ndiyo hiyo niru, unasiribwa kwa mwiko wa chuma sakafu ya chini ikiwa bado mbichi. Kisha magunia yaliyolowa, siku 7. Hapo ndipo wengi huchoka.

Na sakafu iliyokwisha kukauka, ya kijivu? Dondoshea maji. Tone likibaki limejiviringa kama kwenye jani la gimbi, sakafu haitakunywa rangi; kuna mafuta au nta, isuguliwe kwanza. Tone likizama, unaweza kutumia rangi ya asidi, yenye chumvi za metali zinazoshikana na chokaa. Chuma hutoa kahawia, shaba hutoa kijani cha bahari. Itatoka na mawingu-mawingu, hakuna pembe mbili zitakazolingana. Anayetaka rangi moja akanunue marumaru. Vaa glavu na buti, fungua madirisha, na ukihitaji kuizimua, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Rangi ikishashika, osha kwa maji ya magadi mpaka povu likome, suuza, acha ikauke, ndipo upake dawa ya kuziba vinyweleo.

Ila kabla ya yote hayo, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku kucha, asubuhi uone kama unyevu unapanda. Mabondeni, iwe Mbagala au Bunju, jamvi la zege lililomwagwa bila nailoni chini yake hunyonya maji ya ardhini mwaka mzima, na hakuna rangi itakayoyazuia.

Nilikibandika kibarazani kwangu baada ya kukwangua ile rangi. Asubuhi kilikuwa na matone ndani kama kifuniko cha sufuria ya wali. Nimekiacha kijivu, nimetandika mkeka.